Baridi Yabisi Haitokani na Baridi

Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipokuwa kidato cha tatu alianza kuamka vidole vimevimba na kukakamaa, hata chaki hawezi kushika. Majirani wakasema ni baridi yabisi, basi na sisi tukailaumu baridi. Akaacha kufua kwa maji ya bomba, akavaa soksi mchana wa jua kali. Miaka miwili ikapita hivyo. Kumbe jina lenyewe lilitupoteza.

Iko hivi, wenzangu. Kinga ya mwili ina askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Kijidudu kikiingia, chembe hizo hutoa kemikali za kuitana. Sehemu hiyo inavimba, inapata moto, inauma. Ni kazi nzuri, mradi iishe. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi haiishi: askari wanaushambulia utando wa viungo vya mwili wao wenyewe, na mwishowe mfupa unalika.

Miaka ya 1980, jijini London, Profesa Marc Feldmann na mwenzake Ravinder Maini walichunguza maabara chembe kutoka kwenye viungo vya wagonjwa. Walikuta kemikali hizo ni nyingi, na ungedhani kuzuia moja tu ni kazi bure. Lakini ilipozuiwa ile iitwayo TNF, nyingine nazo zikapungua. Mwalimu yeyote anaelewa: ukimtuliza anayeanzisha kelele, darasa zima linatulia. Mwaka 1992, katika Hospitali ya Charing Cross, wagonjwa 20 walipewa kingamwili ya kuzuia TNF. Maumivu na uvimbe vikapungua sana.

Ila TNF si adui. Ndiyo inayosaidia kuvifungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa TB kabla ya kuanza dawa hizo, na kwetu hilo si jambo dogo.

Mama hatumii dawa hizo, ni ghali mno. Daktari alimwanzishia methotreksati, dawa ya zamani na nafuu, na sasa anashika chaki tena. Lakini vidole viwili vimeshapinda, havitanyooka.

Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna mtu anaamka viungo vimevimba na kukakamaa, wiki baada ya wiki, usimnunulie soksi. Mpeleke hospitali mapema.