Noah zinafanana, kalipa hazifanani: hesabu ya breki kwa shabiki wa Mpanda anayefuata mechi

KUFUATA timu kutoka Mpanda ni safari, siyo matembezi. Mkoa wa Katavi hauna timu Ligi Kuu Bara, kwa hiyo anayetaka kuwaona Simba na Yanga kwa macho yake, siyo kwenye kibanda umiza, lazima apande gari. Kusini kuna Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200. Upande wa Tabora ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Koga na Sikonge, na tangu msimu wa 2023/24 mji huo nao umekuwa na timu Ligi Kuu. Kigoma unakwenda kupitia Mishamo na Uvinza.

Kuna kipindi neema iliwashukia watu wa huku kutoka pande zote mbili. Agosti 2, 2020 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, Simba ikaichapa Namungo 2-1. Oktoba mwaka huohuo Simba ikarudi palepale kwenye ligi na kukutana na Tanzania Prisons, ikalala 1-0 kwa bao la Samson Mbangula. Julai 25, 2021 fainali ya FA ikahamia Lake Tanganyika, Kigoma, na safari hii ilikuwa Simba na Yanga wenyewe. Yanga ilibaki pungufu baada ya Mukoko Tonombe kulimwa kadi nyekundu, halafu Taddeo Lwanga akamaliza kazi kwa kichwa. Ukichukua ramani utaona Mpanda iko katikati ya viwanja hivyo viwili.

Mechi za namna hiyo ndizo zinazojaza Noah na Hiace. Watu wanachanga, wanakodi gari, wanaweka mafuta, wanafunga bendera dirishani na kuondoka alfajiri. Wanabishana nani aanze namba sita. Gari linaulizwa swali moja tu: muziki upo? Breki haziulizwi, na zikiulizwa jibu ni lilelile, "zimefungwa juzi tu."

Hapo kwenye "zimefungwa juzi" ndipo penye kazi. Zimefungwa zipi?

Kalipa ni kile chuma kinachokaa juu ya diski kama mkono uliokamata sahani. Ndani yake kuna pistoni. Dereva akikanyaga, mafuta ya breki yanaisukuma pistoni, pistoni inazibana pedi kwenye diski, gurudumu linapungua mwendo. Barabara za vumbi haziipendi kalipa. Raba ya kuzuia vumbi ikichanika, mchanga na maji vinaingia, pistoni inashika kutu na kuganda. Au zile pini ambazo kalipa inatelezea zinakauka grisi. Matokeo yake pedi haziachii diski hata dereva akitoa mguu. Gari linavuta upande mmoja, rimu moja inakuwa ya moto kuliko nyingine, harufu ya kuungua inaingia hadi ndani, na ukivua gurudumu unakuta pedi ya ndani imekwisha huku ya nje bado nene.

Wakati mwingine fundi anaifungua, anaisafisha, anabadili raba zake, maisha yanaendelea. Lakini pistoni ikishaliwa na kutu, inatakiwa kalipa nyingine. Kwa Mpanda hiyo mara nyingi ina maana ya spea ya mtumba, iliyotolewa kwenye gari jingine lililokatwa, iagizwe kwa simu na kupakiwa kwenye basi. Mwenye gari anapiga simu na kusema: "Nitumie kalipa ya Noah, ya mbele, kushoto."

Ni sawa na kocha kumpigia wakala na kusema nitumie mchezaji mrefu.

Noah ni jina la ukoo, siyo la mtu. Kuna zile za zamani za SR40 na SR50, kuna AZR60 na AZR65, kuna ZRR70 na ZRR75. Katika kila jozi hiyo, namba ndogo ni ya magurudumu mawili yanayovuta na namba kubwa ni ya manne, 4WD. Juu ya hapo kuna herufi za daraja, X, G, S na nyinginezo, ambazo mmiliki wa tatu au wa nne anaweza kuwa ameshazibandua au kubandika anazozipenda. IST nayo ni hivyohivyo: NCP60 ni ya injini ya 1.3, NCP61 ni ya 1.5, NCP65 ni ya 4WD. Zikipita mjini zote ni IST.

Kiwanda hakibadili breki kwa kujifurahisha. Gari likiwa zito zaidi, likiwa na injini kubwa au likipewa rimu kubwa, linaweza kupewa diski pana au nene zaidi, na diski ikibadilika kalipa na kishikio chake vinabadilika. Daraja la chini linaweza kuwa na dramu nyuma wakati la juu lina diski. Wakati mwingine kinyume chake: madaraja matatu yenye majina tofauti yanatumia kalipa ileile, na mwenye gari anahangaika kutafuta "ya S" huku ya X ya jirani ingeingia bila neno. Kwa hiyo jina la nyuma ya gari halithibitishi kitu, si kwa kukubali wala kwa kukataa.

Kinachothibitisha ni namba ya chasisi na kile kibati cha kiwanda chenye kodi nzima ya modeli. Watu wengi huisoma kodi hiyo nusu. Wanataja AZR60 wanaishia hapo, wakati herufi zinazofuata ndizo zinazobeba habari za bodi, gia na daraja. Muuza spea mwenye kitabu au programu ya kusoma namba za spea anaihitaji yote. Piga picha kibati, tuma. Picha haikosei tarakimu kama mdomo.

Baada ya hapo vua gurudumu, pima. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa nauli ya basi ya kurudisha spea. Kipenyo cha diski kwa milimita. Unene wake, na uone kama ni diski mbili zilizounganishwa zenye matundu ya hewa katikati au ni bamba moja. Diski nyingi zina maandishi ya unene wa chini unaoruhusiwa, yaliyogongwa kwenye chuma. Diski ikishafika hapo, hata kalipa mpya itakuwa inabana kitu kilichokwisha. Pima nafasi kati ya matundu mawili ya boliti za kishikio. Angalia pedi ina umbo gani, kwa sababu pedi ya zamani ukiilaza juu ya picha ya kalipa iliyoko dukani inasema mengi kuliko maneno. Angalia pia namba au alama zilizotoka na chuma kwenye mwili wa kalipa. Na kipenyo cha pistoni.

Pistoni ndiyo yenye hila. Kalipa inaweza kuingia vizuri, boliti zikakaza, pedi zikakaa, lakini pistoni yake ikawa si saizi moja na ya upande wa pili. Chukua mfano wa pistoni ya milimita 54 kushoto na ya 57 kulia. Tofauti ni milimita tatu tu, mtu anaona si kitu. Lakini nguvu ya kubana inafuata eneo la duara: ya 54 ina kama sentimita za mraba 22.9, ya 57 ina 25.5. Presha ya mafuta ni ileile, kwa hiyo upande wa kulia unabana zaidi kwa asilimia 11 hivi. Mjini, mwendo wa bodaboda, hutaona kitu. Lakini barabara ya Sumbawanga inapita kwenye Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na pale Sitalike kuna mto Katuma na viboko wake. Usiku, mnyama akisimama katikati ya barabara, dereva anakanyaga kwa nguvu zote na gari linavutwa kulia. Ndani kuna watu wanane waliolala na jezi zao.

Ndiyo maana fundi makini hupenda kubadili kalipa za mbele zote mbili kwa pamoja, za aina moja, hata kama moja bado inadunda. Ni gharama, na mwenye gari atalalamika. Kama pesa haipo, basi angalau ile moja inayonunuliwa ilingane kabisa na ile inayobaki: diski, pedi, pistoni.

Kosa jingine linachekesha hadi litokee kwako. Kalipa ya kushoto na ya kulia kwa magari mengi ni pacha wa kioo. Ukiigeuza, ya kulia inaweza kufungika kushoto. Tofauti ni kwamba ile nati ndogo ya kutolea upepo, ambayo inatakiwa iwe juu, inakuwa chini. Hewa hupanda juu, kwa hiyo fundi atapampu breki hadi jioni na upepo hautoki wote. Pedali inakuwa laini kama godoro. Hapo lawama zinaangukia mafuta, masta silinda, hata dereva, kumbe beki wa kulia amepangwa kushoto.

Rimu nayo isisahaulike. Kuna wanaonunua kalipa kubwa ya daraja la juu wakidhani wameboresha gari, kisha rimu ya inchi 14 inakataa kuvaa kwa sababu inagusa chuma. Na kalipa kubwa bila diski yake na kishikio chake haiboreshi kitu.

Mambo mengine ni mafupi. Raba zilizokauka zibadilishwe hata kama kalipa ni ya mtumba nzuri. Mafuta ya breki ni yale yaliyoandikwa kwenye mfuniko wa tangi lake, DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini hata tone yasiingie, yanavimbisha raba. Na stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo haiingii ndani ya gurudumu.

Timu zenyewe zinasafiri kwa barabara hizihizi. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi likitoka Ruangwa kucheza na Namungo. Ajali ina sababu zake nyingi, na si kila mara ni gari. Ila klabu ina meneja na basi lenye dereva wa kudumu. Noah ya kuchangisha kwenye kundi la WhatsApp haina mtu wa aina hiyo, labda wachangaji wamteue mmoja.

Mtu huyo kazi yake ianze siku tatu kabla, siyo alfajiri ya safari wakati vuvuzela zimeshaanza. Kalipa ikishafungwa na upepo ukatolewa, gari lizungushwe kilomita kumi hivi nje ya mji, likanyagwe breki mara kadhaa mahali patupu, kisha asimame asogeze kiganja karibu na kila rimu, bila kushika. Za mbele zinatakiwa zitoe joto linalolingana. Moja ikiunguza na mwenzake ni baridi, gari linarudi gereji.

Ile kalipa ya zamani asiiache kwa fundi. Aiweke ndani ya mfuko, chini ya kiti, pamoja na pedi zake. Ikitokea mpya ikagoma Uvinza, ndiyo sampuli atakayoiweka juu ya meza ya muuza spea.