Kuipima Shahada ya Uzamili ya Fedha kwa Vipimo vya Fedha: Ufafanuzi kwa Mwombaji wa Tanzania

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna mwombaji anavyoweza kuchagua shahada ya uzamili ya fedha nchini Tanzania na kuandaa maombi yake. Hoja kuu ni kwamba shahada hii ni uwekezaji. Kwa hiyo, inafaa ipimwe kwa kanuni zilezile zinazofundishwa ndani yake. Aghalabu waombaji hulinganisha ada pekee, ilhali muda unaopita kabla ya kuhitimu unaweza kuigeuza faida kuwa hasara.

2.0 Kuchagua Aina ya Masomo

Zipo njia tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Njia ya kwanza ni shahada ya uzamili ya sayansi inayojikita katika fedha, kama zile zinazotolewa na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kilichoanzishwa mwaka 1972, na Chuo Kikuu Mzumbe. Humo mwanafunzi huzama katika takwimu, ukadiriaji wa thamani ya hisa na hatifungani, pamoja na usimamizi wa vihatarishi. Njia ya pili ni shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ambamo fedha huwa mchepuo kando ya masoko, rasilimaliwatu na mikakati. Njia ya tatu si shahada, bali ni mitihani ya taaluma, kwa mfano ile ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Mtu anayekusudia kusaini ripoti za ukaguzi wa hesabu anahitaji usajili wa Bodi, na shahada ya uzamili pekee haimpi haki hiyo. Kwa upande mwingine, anayelenga kuwa mhadhiri hatasaidiwa na cheti cha taaluma kisichoambatana na shahada. Swali la kwanza, basi, ni kazi gani inayokusudiwa, na kazi hiyo inadai sifa gani.

3.0 Kukokotoa Thamani ya Sasa

Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisa wa benki anasoma jioni huku akiendelea na kazi. Gharama zake zote ni shilingi 12,000,000: nusu anailipa anapoanza, na nusu baada ya mwaka mmoja. Baada ya kuhitimu anatarajia nyongeza ya shilingi 2,400,000 kwa mwaka kwa miaka 10, ikihesabiwa mwishoni mwa kila mwaka. Kiwango cha punguzo ni asilimia 12.

Thamani ya sasa ya gharama ni takribani shilingi 11,357,000. Akihitimu baada ya miezi 18, thamani ya sasa ya nyongeza ni takribani shilingi 11,441,000. Amepata faida ndogo ya shilingi 84,000 hivi. Akihitimu baada ya miezi 24, nyongeza ileile inashuka hadi takribani shilingi 10,810,000, na faida inageuka hasara inayozidi shilingi 540,000. Ada haikubadilika wala mshahara haukupungua. Kilichobadilika ni miezi 6 tu. Kwa anayeacha kazi ili asome kutwa, mshahara anaoukosa nao hauna budi kuingizwa katika gharama.

Ni kweli kwamba elimu ina manufaa yasiyopimika kwa shilingi. Hata hivyo, anayekopa ili asome atalipa deni hilo kwa shilingi.

4.0 Kuandaa Maombi

Kabla ya kulipa ada ya maombi, mwombaji ahakikishe kwamba programu yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na mamlaka husika. Kwa vyuo vikuu, mamlaka hiyo ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Aliyesoma shahada ya kwanza nje ya nchi aanze mapema kuomba Tume itambue tuzo yake.

Pili, aulize maswali yanayohusu muda: je, tasnifu ni ya lazima au kuna mradi mfupi? Wasimamizi wa eneo lake ni wangapi? Wanafunzi waliotangulia walihitimu baada ya miezi mingapi? Wahitimu wenyewe ndio wenye majibu ya uhakika zaidi.

Tatu, maelezo binafsi na wazo la utafiti viwe mahususi. Kauli kwamba mwombaji “anapenda fedha” haimwambii msomaji lolote. Ofisa wa chama cha akiba na mikopo anayetaka kuchunguza kwa nini wanachama huchelewesha marejesho amekwisha kuonesha tatizo, mahali na sababu ya kusoma. Aidha, swali lichaguliwe kwa kuzingatia upatikanaji wa data. Taarifa za wateja wa benki ni siri, na kuzisubiri kunaweza kumchelewesha mtafiti. Taarifa za mwaka za kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998, ziko wazi kwa umma.

Nne, barua za wadhamini ziombwe mapema kwa watu waliomfundisha au kumsimamia mwombaji kwa karibu. Cheo kikubwa cha mdhamini asiyemfahamu hakina msaada.

5.0 Hitimisho

Imebainika kwamba uchaguzi wa shahada ya fedha hutegemea kazi inayokusudiwa, gharama kamili na muda wa kuhitimu. Iwapo hesabu itaonesha hasara, mwombaji bado ana nafasi ya kutafuta ufadhili, kuchagua programu fupi zaidi, au kuelekea kwenye mitihani ya taaluma. Nafasi hiyo hupungua sana baada ya kulipa ada ya muhula wa kwanza.