Chombo ni cha bei nafuu, lakini mapafu hayauzwi

KIJANA mmoja aliingia katika kliniki yangu hivi majuzi akiwa na kikohozi kikavu kilichomsumbua kwa wiki tatu. Nilipomaliza kumpima kifua, nilimuuliza iwapo anavuta sigara. "La, daktari, niliacha. Siku hizi navuta vepu," akajibu. Kisha akatoa mfukoni vyombo viwili vidogo vya chuma na kuniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Kati ya hivi viwili vya bei ya chini, kipi kinafaa kuonjea ladha ninazojitengenezea nyumbani?"

Mpenzi msomaji, huenda nawe una swali kama hilo, au mwanao analo bila wewe kujua. Ndiposa nimeonelea tulijadili leo.

Sigara ya kielektroniki ya kisasa ilibuniwa mwaka 2003 na Hon Lik, mfamasia wa Uchina. Chini huwa na betri. Juu yake kuna atomaiza, yaani sehemu yenye waya uliosokotwa na kipande cha pamba. Pamba hulowa kiowevu, waya hupata moto, na kiowevu hugeuka mvuke unaovutwa hadi mapafuni. Kiowevu hicho kwa kawaida ni mchanganyiko wa propileni glikoli, gliserini, ladha na, mara nyingi, nikotini.

Wanaojichanganyia hupenda atomaiza ya kudondoshea. Haina tangi. Mtu hutia matone machache juu ya pamba, akaonja, akaitoa pamba hiyo na kuweka nyingine, na kwa njia hiyo ladha ya embe haichanganyiki na ya kahawa. Kwa upande wa mfuko, hesabu hiyo haina kosa. Kwa upande wa kifua, kosa lipo: ulimi huonja utamu, hauonji sumu.

Ladha ya kula si ya kuvuta

Nilimuuliza kijana yule alichotia ndani ya chupa yake. Akanitajia gliserini aliyonunua kwenye kemisti, ladha ya keki kutoka dukani, na matone ya mafuta ya karafuu. Kwake, kitu kinachotiwa kwenye keki hakiwezi kumdhuru mtu.

Hapo ndipo wengi hukosea. Tumbo lina asidi, na nyuma yake kuna ini linalosafisha tunachokula. Mapafu hayana kinga kama hiyo. Chukua mfano wa diasetili, kemikali inayotoa harufu ya siagi. Ukiila katika chakula, haina neno. Lakini mwaka 2000 iligunduliwa kwamba watu waliowahi kufanya kazi katika kiwanda cha bisi mjini Jasper, jimbo la Missouri nchini Marekani, walikuwa wamepatwa na makovu katika vijia vidogo vya hewa. Walikuwa wakivuta mvuke wa ladha ya siagi kazini. Makovu ya aina hiyo hayaponi.

Mafuta nayo ni hatari zaidi. Yakiingia mapafuni huweza kuleta nimonia ambayo dawa za kuua viini haziiponyi. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na mkurupuko wa maradhi ya mapafu miongoni mwa wavutaji wa vepu. Kufikia Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa hospitalini au kufariki, na waliofariki walikuwa 68. Wengi walikuwa wamevuta viowevu vyenye kilevi cha bangi, na uchunguzi ulielekeza kidole kwa vitamini E asetati, aina ya mafuta ambayo watu hujipaka kwenye ngozi bila kudhurika.

Chombo chenyewe

Atomaiza ya kudondoshea hukauka upesi. Pamba ikikauka huku waya ukiwaka, gliserini huvunjika na kutoa akrolini na fomaldehaidi, kemikali zinazochoma njia ya hewa. Aidha, mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipima vifaa vya wavutaji 56. Waligundua kwamba madini kama risasi, nikeli na kromiamu yalikuwa mengi zaidi katika mvuke kuliko katika kiowevu ambacho hakijaguswa na waya.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuacha. Lakini najua wapo watakaoendelea, na hao nawaomba wazingatie haya:

Kwanza, usinunue atomaiza ambayo haielezi imetengenezwa kwa chuma gani wala waya wake una omu ngapi. Epuka ya plastiki, kwani ladha za mdalasini na za ndimu huweza kuipasua. Ioshe kwa maji ya moto na uikaushe kabla ya kuitumia.

Pili, usiifunge kwenye betri isiyojizima yenyewe nyaya zinapogusana. Betri ya aina hiyo huweza kulipuka.

Tatu, ukisikia ladha ya kuungua, acha papo hapo na ubadilishe pamba.

Nne, usitie mafuta ya aina yoyote, wala ladha za jikoni, hasa za siagi na krimu.

Tano, jaribu ladha bila nikotini. Hauhitaji nikotini ili kujua kama embe ni tamu.

Nikotini ya majimaji hupenya ngozi, na kiasi kidogo kinaweza kumuua mtoto. Ifungie kabatini. Ikimwagika mwilini, vua nguo na uoshe kwa sabuni na maji mengi. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitalini pamoja na chupa yenyewe.

Hatua hizi hupunguza madhara, haziyaondoi. Ukibanwa na kifua, ukipumua kwa shida, au ukapata homa pamoja na kutapika, mwone daktari bila kukawia na umweleze ukweli kwamba unavuta vepu. Wengi huficha, nasi tukabaki kutibu tusichokijua.

Kwa mtu mzima aliyekuwa akivuta sigara, ni kweli kwamba vepu haina lami ya moshi wa tumbaku. Hata hivyo, zipo plasta na bablishi za nikotini ambazo hazipiti mapafuni kabisa. Kwa ambaye hajawahi kuvuta chochote, hakuna sababu ya kuanza.

Kijana yule nilimjibu kwamba kati ya vyombo vyake viwili, hakuna kilichofaa. Aliviacha vyote mezani kwangu. Aliporudi baada ya mwezi mmoja, kikohozi kilikuwa kimetulia. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Chungu kikivunjika utanunua kingine, lakini mapafu huyapati sokoni.