Sauti na Sura: Catherine Kasavuli na Usomaji wa Habari za Televisheni



Nomino za Kiswahili kama “mtangazaji” na “msomaji wa habari” hazibagui jinsia. Humfaa mwanamume na mwanamke vilevile. Hata hivyo, usawa uliomo katika lugha si lazima uwemo katika jamii. Maisha ya Catherine Kasavuli wa Kenya yanalifafanua jambo hili.

Kasavuli alizaliwa mwaka 1962, mwaka uleule ambao televisheni ilianza nchini humo. Mwaka 1980 alijiunga na Sauti ya Kenya akiwa mtangazaji wa redio. Katika redio, msemaji husikika bila kuonekana. Hivyo ndivyo habari zilivyomfikia pia mkazi wa Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, kwani Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Mtangazaji alijulikana kwa sauti tu.

Kituo cha KTN kilipoanzishwa Nairobi mwaka 1990, Kasavuli akawa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kusoma habari za televisheni moja kwa moja. Uzito wa hatua hiyo unatokana na aina ya kazi yenyewe. Kipindi kilichorekodiwa huweza kusahihishwa. Taarifa ya moja kwa moja haina marudio, na ulimi ukiteleza watazamaji wote wamekwisha kusikia. Kumkalisha mwanamke katika kiti hicho kulikuwa ni kumkabidhi dhamana ya kituo kizima.

Aidha, Kasavuli alisoma kwa Kiingereza. Kwa desturi ya Kenya, taarifa ya Kiswahili husomwa saa moja jioni na ile ya Kiingereza saa tatu usiku. Tanzania, taarifa kuu ya saa mbili usiku ni ya Kiswahili. Kwa mintarafu hiyo, mtafiti wa Kiswahili hana budi kuuliza si tu nani alisoma, bali pia alisoma kwa lugha gani.

Mwaka 2007 Kasavuli alihamia Citizen, na mwaka 2015 akastaafu. Mwaka 2022 alirejea KBC, shirika lililokuwa likiitwa Sauti ya Kenya alipoanza kazi. Alifariki dunia tarehe 29 Desemba mwaka huohuo kwa saratani ya mlango wa kizazi.

Neno “mtangazaji” lilikuwa na nafasi yake tangu awali. Jamii ndiyo iliyochelewa kumpa kiti.