Saratani Isiyosubiri Foleni

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humlaumu mgonjwa. Lakini yapo maradhi yanayojificha yenyewe, na mgonjwa asiwe na kosa. Mojawapo ni aina adimu ya saratani ya mlango wa kizazi, iitwayo saratani ya seli ndogo.

Katika kila wanawake 100 wenye saratani ya mlango wa kizazi, wenye aina hii ni wachache mno, pengine wawili au watatu. Saratani ya kawaida huchukua miaka mingi kukomaa, hivyo uchunguzi wa mara kwa mara huigundua mapema. Hii hukua upesi, huingia katika damu, ikafika mapafuni, kwenye ini na mifupani. Mwanamke aweza kuambiwa leo kuwa yu salama, na kabla ya mwaka kwisha akaanza kutokwa na damu.

Hebu tumfikirie mama wa Kitengela afanyaye kibarua katika viwanda vya Athi River. Siku asiyofika kazini hana ujira. Aonapo damu nje ya siku zake, hununua dawa dukani. Isipokoma, hununua nyingine. Miezi hiyo miwili mitatu ndiyo saratani hii inayoitaka.

Ili ijulikane, sharti daktari akate kipande kidogo cha nyama, nacho kichunguzwe kwa darubini. Hata hapo kazi haijaisha: hupakwa rangi maalumu zinazotambulisha asili ya seli. Hatua hii ikirukwa, ugonjwa huweza kupewa jina lisilo lake, na jina likikosewa, tiba nayo hukosewa. Saratani hii hutibiwa kwa sisplatini na etoposidi, dawa zitumikazo pia kwa saratani ya mapafu ya seli ndogo, pamoja na mionzi. Upasuaji huwafaa hasa wale ambao uvimbe wao ungali mdogo.

Kitengela iko kilomita 30 hivi kutoka Nairobi, ziliko hospitali kuu za rufaa. Tatizo, basi, si umbali bali ni kungoja. Tangu 2013 huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti. Kwa nini Kajiado isihakikishe kuwa mwanamke atokwaye damu isiyo ya kawaida anachunguzwa siku hiyo hiyo afikapo? Kwa nini kipande kile kisisafirishwe hadi maabara, na majibu yakarudi kwa simu, badala ya mama kupoteza ujira akifuata karatasi?

Akina baba nao wasijitenge. Tangu Oktoba 2019 chanjo ya HPV hutolewa kwa wasichana nchini, nayo hukinga aina za virusi zihusikazo zaidi na saratani hii pia. Binti apelekwe achanjwe. Na mama atokwapo damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, asitumwe dukani. Apelekwe hospitalini, kesho ikiwa leo kumekuchwa.