Stedi Tunayo, Kiwanja cha Mtaa Kiko Wapi?

Ambia msee wa Nairobi uko Meru na unaenda paki, atakuuliza kama umebeba kamera ya simba. Hatumlaumu. Meru National Park ilishika jina tangu enzi za Elsa, yule simba wa Joy na George Adamson. Lakini hiyo iko mbali, ukishapita Maua na kushuka, na msee wa Makutano mwenye ako na soo mbili kwa mfuko hawezi fika huko Sato jioni kupunga hewa. Paki yenye nabonga ni ile ndogo ya mtaani: nyasi, miti, benchi, goli mbili, choo na taa.

Kwa stedi tumebahatika. Kinoru Stadium hapa Meru ilifanyiwa ukarabati ndio ibebe mechi za CHAN 2018. Septemba 2017 CAF ikanyang'anya Kenya hiyo dimba, ikaishia Morocco, lakini mjengo ukabaki wetu, na tarehe 1 Juni 2018 Madaraka Dei ya taifa ikafanyiwa hapo. Embu zamu yao ikafika 1 Juni 2023, Moi Stadium. Nafurahia hizo stedi. Lakini cheki: zote mbili zilichangamkiwa ju kulikuwa na wageni wanakuja. Mtoi wa Dallas kule Embu, ama wa Majengo hapa Meru, siku ya kawaida anapigia futaa kwa barabara, akikwepana na nduthi.

Na huyo ni boy. Dem ndio hukosa kabisa. Pakipatikana kaploti kadogo, machali wanakaweka goli za mawe na kumeisha. Dem mwenye anataka kucheza netiboli, ama kukaa tu na mabeshte wake bila kusumbuliwa, anarudi keja. Hiyo inaniuma kuliko kitu ingine yoyote kwa hii stori.

Saa hii, mahali pa kuchill pasipojengwa panajijenga: jaba base. Miraa ni ya Igembe na Tigania, muguka ni ya Mbeere, zote ni za hapa hapa. Sipigani na mmea unalipia watu karo. Nasema tu msee amemaliza form four, hana job, saa kumi jioni, anastahili kuwa na kwingine pa kwenda.

Mbogi za tizi na haiki zishajitafutia. Imenti Forest iko karibu na tao, Lake Nkunga iko ndani yake. Embu wanapanda vilima vya Karue na Kirimiri. Hiyo ni safi, endeleeni, na mrudi na takataka zenu. Ila msitu si ya mtoi wa miaka nane kuenda peke yake baada ya shule.

Na hatuombi msaada. Katiba ya 2010, Sheduli ya Nne, inapea kaunti kazi ya michezo, paki na mahali pa burudani. Kwa hivyo tonamenti yenye mheshimiwa analeta na jezi mpya uchaguzi ukikaribia haitoshi. Jezi zinachakaa. Ploti yenye imepimwa, ikawekwa ua na kuandikishwa kama ya umma, hiyo inabaki. Bila karatasi, kiwanja kinaliwa: Januari 2015 watoi wa Lang'ata Road Primary, Nairobi, walirushiwa tear gas wakitetea uwanja wao wa kuchezea. Waliupata, lakini mtoi hafai kulipa hiyo bei.

Sasa form ni hii. Makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yafike asembli kufikia 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wana haki ya kusikizwa. Mikutano ya kusikiza wananchi hujaa wazee, si ati wametukataza, ni sisi hatuendi. Jueni ploti ya umma iko wapi kwa wodi yenu, andikeni jina lake kwa karatasi, mwende mbogi nzima, madem wakiwa mbele, na mseme hiyo ndio tunataka.