Madeni ya kaunti yanavyozuia teknolojia ya taka Eastlands

WAKAZI wa Dandora, Korogocho na Kariobangi wangali wanaishi kando ya jaa lililotangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001. Teknolojia ya kugeuza taka kuwa umeme au mbolea ipo. Kinachokosekana ni mlipaji wa kuaminika.

Athari za jaa hilo zinafahamika. Mnamo 2007, utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira (UNEP) ulionyesha kuwa nusu ya watoto 328 waliopimwa walikuwa na madini ya risasi damuni kupita kiwango kilichokubalika.

Chini ya Katiba ya 2010, uzoaji taka ni jukumu la kaunti. Kwa hivyo, hali ya hazina ya kaunti huamua kampuni zitawekeza wapi.

Mtambo wa kuzalisha umeme kwa taka hugharimu mabilioni ya pesa. Mwenye mtambo hutegemea mapato ya umeme pamoja na ada anayolipwa kwa kila tani anayopokea. Kabla ya kumkopesha, benki huuliza iwapo kaunti italipa ada hiyo kwa miaka mingi bila kuchelewa. Kwa Nairobi, ambayo madeni yake yalikuwa yamepita Sh80 bilioni mwaka wa 2025, swali hilo ni zito. Mipango ya mtambo wa Dandora imetangazwa chini ya tawala mbalimbali.

Kampuni nyingine zimeamua kumtegemea mnunuzi badala ya kaunti. Gjenge Makers, iliyoanzishwa na Nzambi Matee, ilianza kutengeneza matofali kwa plastiki na mchanga, na mwaka wa 2020 Matee akatuzwa na UNEP.

Hata hivyo, njia hiyo huondoa taka zinazouzika pekee. Sehemu kubwa ya taka za Nairobi ni mabaki ya vyakula, ambayo sharti mtu alipe ili yachakatwe. Iwapo kuyamwaga jaani ni nafuu zaidi, lori litaelekea jaani.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inaagiza kaunti kuanzisha vituo vya kutenganisha na kuchakata taka. Lakini agizo bila fedha haliwezi kumvutia mwekezaji. Kaunti ingehitaji kutenga fungu maalumu la ada hiyo, lisiloguswa kwa matumizi mengine.

Dawa ya deni ni kulipa. Kaunti isipolipa, gharama hiyo itaendelea kubebwa na watoto wa Korogocho.